Neno Lililo Nyuma ya Jedwali

Jumatatu, 4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za hapo, habari za magoti, habari za yule Bibi wako wa kwenye kompyuta anayekusomea kwa sauti? Mimi sijambo, ila macho yananiwasha kwa kutazama skrini kutwa, na najua hilo utalicheka.

Kazi nimepata! Idara ya Bwawa, ghorofa ya tatu, meza iliyo karibu na dirisha lisilofunguka. Kazi yenyewe ni lile tangazo la kila wiki linalosema milango ya bwawa itafunguliwa lini kusukuma tope, na maji yatafika saa ngapi kwa kila mtaa. Yaani lile mnalolisubiri nyinyi wa Mtaa wa Chini, sasa ninalitengeneza mimi. Mhandisi ananipa namba, naziweka kwenye jedwali, nalifanya PDF, Mkuu analipitisha, linapandishwa kwenye tovuti. Mkuu tunamwita Bwana Muhuri. Hakuna karatasi inayotoka bila yeye kuitia mkono, hata ya kuomba sabuni ya chooni.

Nina ombi. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayesoma kwa masikio. Nimekuambatishia tangazo la wiki hii, nililolikuta limeshatengenezwa na mwenzangu aliyeondoka. Lisikilize uniambie linasomekaje. Ningekupigia simu, lakini mtu aliyeunganisha simu za kiwanda kizima miaka thelathini na moja hataki hata kuisikia ikilia. Haya, tuandikiane kwa barua pepe.

Mama anakusalimu. Anasema kaka yake ni mkaidi.

Mpwa wako


Jumatano, 6 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba sana. Magoti yanalia kama bawaba, lakini yapo. Mwambie mama yako ukaidi huo tumeunyonya ziwa moja. Habari ya kazi yako imenifanya nimwage chai, na chai yenyewe ilikuwa ya moto, kwa hiyo ujue nimefurahi.

Sasa hilo tangazo. Usinikasirikie: ni takataka. Nilifungua, Bibi akaanza, "Juu Kati Chini Jumanne Jumatano Alhamisi saa nne saa tatu saa nne na nusu." Mfululizo, bila kupumua, kama mtoto aliyekariri asichokielewa. Alhamisi ya nani? Saa nne ya wapi? Fundi Viatu, jirani yangu, alikuwa amekaa pembeni yangu, akasema, "Huyo Bibi wako leo kalewa."

Ngoja nikueleze hali ya hapa, maana tangu uondoke mengi yamegeuka. Daraja la miguu waliling'oa wakasema wanaleta jipya. Zimebaki nguzo mbili. Tunavuka mfereji wa bwawa kwa mawe, kwenda zahanati, sokoni, shuleni. King'ora cha kuonya maji kilikufa mwaka juzi. Ubao wa matangazo umeondolewa, eti mambo yote sasa ni mtandaoni. Watu wana simu, ndiyo, lakini jedwali lenu ni pana kuliko kiganja. Ukilisogeza, vichwa vinakimbia, unabaki na namba zinazoelea tu. Basi kila Jumanne wanakuja dirishani kwangu, wanakaa kwenye benchi, na mimi kipofu ndiye ninayewasomea wenye macho. Dunia hii!

Fundi Viatu ndiye huwahi nafasi ya kwanza, na mguu wake ule mfupi. Tukivuka pamoja, yeye macho, mimi masikio. Anasema tukijumlishwa tunatoa mtu mmoja mzima, na vipande vya akiba vinabaki.

Lakini nakwambia, mwanangu, maji siku hizi si yale uliyokuwa ukiyachezea. Yanashuka na tope na magogo, mara moja, bila hodi. Mwezi jana yalilihamisha jiwe la katikati, lile tulilokuwa tunakaa watu wanne. Hapa ukikosea saa, hukosei saa peke yake.

Nakupa sharti moja. Kabla hujatuma, fumba macho, ulisikilize tangazo lako kama ninavyolisikiliza mimi. Usipolielewa wewe uliyeliandika, mimi nitalielewa kwa dawa gani?

Mjomba wako,
Masikio


Jumatatu, 11 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa chai. Sisi wazima. Mama anasema ukaidi wako ulikuwa wa ziwa la kushoto.

Nilifumba macho. Nilivaa visikilizio, nikaweka Bibi kama wako, nikafumba macho palepale mezani. Wenzangu walidhani nimelala kazini. Mjomba, niliona aibu! Kumbe lile halikuwa jedwali hata kidogo. Mwenzangu alikuwa anaandika maneno, anayasukuma kwa nafasi mpaka yanyooke. Kwa macho unaona jedwali, kumbe ni maneno yamesimama foleni tu.

Nimelibomoa lote. Nimechora jedwali la kweli, kila neno na kisanduku chake. Mstari wa kwanza nimeutambulisha kwamba ndio wa vichwa: Mtaa, Siku, Mlango kufunguliwa, Maji kufika. Hakuna visanduku viwili vilivyounganishwa kuwa kimoja, na hakuna kisanduku kitupu. Pasipo na kitu nimeandika "hakuna", ili ukisikia kimya ujue pameharibika. Halafu, yule bwana alikuwa anatengeneza PDF kwa njia ya kuchapa, kana kwamba anatoa karatasi. Ukifanya hivyo, zile lebo za ndani zinazomwambia Bibi "hiki ni kichwa, hiki ni kisanduku" zinafutika zote. Mimi nahifadhi moja kwa moja kuwa PDF na nahakikisha lebo zimebaki. Ni alama moja ya kubofya. Kwa alama moja mtaa mzima ulikuwa unakisia!

Bwana Muhuri alilitazama akasema, "Mbona limekuwa la kishamba? Hizi Alhamisi mbili si ungeziunganisha?" Nikamwambia ni kwa ajili ya wasioona. Akauliza, "Kwani wasioona wanasoma?" Nilichukua karatasi nikaenda zangu.

Sikiliza, uniambie.

Mpwa wako


Jumatano, 13 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na leo ni mzima kuliko jana.

"Mtaa: Chini. Siku: Alhamisi. Mlango kufunguliwa: saa nne. Maji kufika: saa nne na nusu." Hivyo ndivyo alivyosema. Kila namba imetajwa na ukoo wake! Nilimrudisha nyuma mara tatu, si kwa sababu sikuelewa, ni kwa utamu tu. Watu kwenye benchi wakasogea karibu na dirisha. Mama Pacha, huyu jirani anayefulia watu nguo, alisema hajawahi kuelewa barua ya serikali tangu azaliwe. Fundi Viatu akapiga fimbo yangu chini, akasema, "Tangazo limepitishwa."

Huyo bosi wako mwambie wasioona wanasoma, na wanaoona wanasomewa.

Mjomba wako,
Masikio


Jumatatu, 25 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi salama, ila mimi nina hasira.

Nilipeleka tangazo safi kwa Bwana Muhuri. Limerudi ameviunganisha visanduku. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akalipandisha kwenye tovuti bila kuniuliza. Mtaa wa Kati na Mtaa wa Chini wote maji yao ni Alhamisi, basi ameona Alhamisi iandikwe mara moja, katikati, kubwa, na rangi ya bluu. Kwa macho linapendeza. Kwa Bibi mstari wenu umepoteza siku. Nimemwambia, akasema tangazo likishapita halibadilishwi.

Lakini nimepata upenyo. Kila jedwali lina nafasi yake ya maelezo kwa nyuma. Jicho haliyaoni, kwenye karatasi hayatokei, ila Bibi anayasoma kabla hajaingia kwenye visanduku. Hiyo sehemu Bwana Muhuri haijui hata kama ipo. Nimemwomba kijana wa tovuti anirudishie faili "nirekebishe ukubwa wake", nikaandika humo kwa kifupi, mahsusi kwa ajili yako: "Mtaa wa Chini: Alhamisi, maji yanafika saa nne na nusu. Siku nyingine kuvuka ni salama."

Tangu leo nitakuandikia hivyo kila wiki. Huna haja ya kuhangaika na visanduku vyote. Na kama jedwali na maelezo yangu vitagombana, Mjomba, shika neno langu.

Mhandisi anasema bwawa limejaa tope kuliko walivyopima, na milango itafunguliwa wazi zaidi. Muwe waangalifu.

Mpwa wako


Ijumaa, 29 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Tupo, na tupo kwa sababu yako.

Jumanne benchi lilijaa. Bibi akasoma neno lako kwanza, vizuri, kwa utulivu. Kisha akaingia kwenye jedwali akachanganyikiwa: "Mtaa: Chini. Siku: saa nne." Hebu fikiria, siku inayoitwa saa nne! Aliyekuwa na simu akasema kwake anaona Alhamisi iko juu, basi ni ya Mtaa wa Kati, sisi lazima ni Ijumaa kama wiki iliyopita. Mabishano yakawa mabishano. Nikawaambia nyamazeni. Mpwa wangu ameniambia vikigombana nishike neno lake, na neno lake ni Alhamisi.

Alhamisi, saa nne na nusu, nilikuwa dirishani. Kabla hayajafika nilihisi kwanza miguuni, sakafu ikitetemeka kama lori linapita, na hapa barabara ya lori hakuna. Halafu yakaja. Fundi Viatu alinisimulia rangi yake na magogo yaliyokuwa yakipita. Yalipopita, mfereji ulinuka kutu mpaka jioni. Mawe mawili hatuyaoni tena.

Siku hiyo Mama Pacha angekuwa pale chini na nguo za watu. Amekuja kunishika mkono, hataki kuuachia. Nikamwambia usinishukuru mimi, mimi ni masikio, mdomo uko ghorofa ya tatu. Fundi Viatu anasema wakupe uwaziri.

Kwa hiyo nimeweka utaratibu mpya. Sasa nasoma neno lako kwanza, natangaza, watu wanakwenda na shughuli zao. Jedwali nalisikiliza baadaye peke yangu, kama mtu anavyotafuna muwa baada ya kushiba.

Mjomba wako,
Masikio


Jumatatu, 15 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Samahani kwa kimya changu. Uzima upo, usingizi ndio haupo.

Msichana tuliyekuwa tunasaidiana ameacha kazi. Sasa matangazo ni matatu, la bwawa, la mabomba na la kukatwa maji, na yote yanatakiwa Jumatatu kabla ya saa sita. Siku hizi sianzi upya. Nachukua faili la wiki iliyopita, nabadilisha kisanduku kimoja kimoja, nahifadhi. Jambo jema ni kwamba Bwana Muhuri amechoka kugombana nami kuhusu visanduku. Ananisainia bila kutazama. Na kuna programu ya kukagua kama tangazo linasomeka kwa wasioona, imeniandikia "hakuna tatizo lililopatikana", kwa hiyo niko vizuri.

La wiki hii limeshapanda. Sijapata muda wa kulisikiliza kwa kufumba macho, nitalisikiliza kesho. Usininunie.

Magoti yanaendeleaje?

Mpwa wako


Jumatano, 17 Aprili, jioni

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti hayana adabu, lakini yananipeleka. Nami nakuonea huruma. Kula, ulale. Kazi haiishi, mtu ndiye anayeisha.

Tangazo nimelipata jana. Nadhani Bwana Muhuri amerudia ujinga wake, na nimeona nikwambie ili umbane. Neno lako linasema, "Mtaa wa Chini: Ijumaa, maji yanafika saa nne. Siku nyingine kuvuka ni salama." Vizuri. Nikawatangazia watu. Leo nimekaa kulisikiliza jedwali lenyewe, Bibi akasema, "Mtaa: Chini. Siku: Alhamisi. Mlango kufunguliwa: saa mbili na nusu. Maji kufika: saa tatu." Nikamrudisha mara nne. Anasema hivyo hivyo, tena bila kujikwaa.

Fundi Viatu akaniuliza, "Sasa tushike lipi?" Nikamjibu, "Jedwali ni la ofisi, neno ni la mtoto wa dada yangu. Huyo hajanikosea tangu Machi." Akasema, "Basi yamekwisha."

Kwa hiyo kesho asubuhi tunavuka. Yeye ana jozi kumi na nne za viatu vya shule za kupeleka ng'ambo, mimi nina miadi zahanati. Tutatoka kwenye saa tatu kasorobo, jua likishakausha utelezi wa mawe. Mama Pacha naye atakuwa chini kufua.

Kesho jioni nitakuandikia daktari amesema nini kuhusu haya magoti.

Mjomba wako,
Masikio


Alhamisi, 18 Aprili, saa mbili na dakika arobaini asubuhi

MJOMBA USIVUKE.

Ni leo. Ni Alhamisi, ni leo, saa tatu. Jedwali ndilo la kweli. Neno ni la wiki iliyopita, nilisahau kulibadilisha. Usivuke, mzuie Fundi, mwite Mama Pacha atoke. Nimeingia ofisini sasa hivi nimekuta barua yako.


Alhamisi, 18 Aprili, saa tatu kasoro dakika tano

Mjomba nijibu. Nimempigia mtu wa milangoni, anasema amefungua saa mbili na nusu kama alivyoandikiwa. Anafunga, lakini yaliyokwisha kutoka hayarudi. Nimetaka kumpigia mtu yeyote wa hapo, sina namba ya mtu hata mmoja. Wiki zote hizi nasoma habari za Fundi Viatu na sijaomba namba yake.

Nijibu tu. Andika hata herufi moja.


Jumamosi, 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijui nauliza hali ya nani.

Juzi saa tano ofisini waliletewa taarifa kwamba mtu mmoja amechukuliwa na maji Mtaa wa Chini. Mwanamume, mtu mzima. Niliuliza kama alikuwa na fimbo. Hakuna aliyejua.

Bwana Muhuri alilitoa tangazo mbele ya watu wote, akaweka kidole. "Hili hapa. Chini, Alhamisi, saa tatu. Idara haina kosa." Na ni kweli, kwa jicho halina kosa lolote. Walitazama wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale, Mjomba, najua kilicho nyuma yake, nikaitikia kwa kichwa pamoja nao. Hilo nakwambia ulijue.

Niliporudi mezani niliweka visikilizio, nikafumba macho, nikalisikiliza kama ulivyoniagiza. Ilichukua nusu dakika. Nusu dakika tu. Hata tarehe sikuwa nimeiandika kwenye lile neno, kwamba ungeweza kugundua ni la zamani. Na ile programu haikujua, yenyewe inatazama tu kama maelezo yapo. Yalikuwepo.

Nimekwenda stendi mara mbili. Jana nilikata hadi tiketi, nikakaa kwenye kiti, basi lilipowashwa nikashuka. Naogopa kufika nikute benchi. Mama halali, anakaa mlangoni.

Kama wewe ndiye usomaye barua hii, niandikie. Kama ni mwingine anamfungulia kompyuta yake, naomba aniambie.

Mpwa wako


Jumatatu, 22 Aprili, asubuhi

Mpwa wangu,

Mimi nipo. Mwambie mama yako aondoke mlangoni.

Barua zako za Alhamisi na ile ya Jumamosi nimezisikia jana. Siku zote hizo sikuweza kuigusa kompyuta.

Tulikuwa kwenye jiwe la tatu. Fundi mbele na gunia la viatu begani, mimi nyuma nimemshika shati kwa mgongoni kama siku zote. Nikausikia ule mtetemo miguuni. Nilijua, mwanangu. Nilijua palepale, kabla hayajasikika. Lakini kwa muda kama wa pumzi mbili nilijiambia haiwezekani, leo ni Alhamisi, neno linasema salama. Hizo pumzi mbili ndizo zinazonila. Kisha nikapiga kelele, nikamvuta. Mama Pacha akasikia akakimbia, aliacha nguo zote lakini yeye mzima. Mimi nilirukia nyuma, kuna mtu alinidaka. Fundi na ule mguu hakuweza kugeuka upesi kwenye jiwe. Hakulitupa gunia, viatu vya watoto wa watu. Shati lilichanika. Kipande nilibaki nacho mkononi.

Walimpata Ijumaa. Tulimzika Jumamosi. Viatu viwili vimeonekana, kila kimoja cha jozi yake.

Watu waliniuliza. Mwenye simu alikuja nayo, akawasomea wote, "Hapa pameandikwa Alhamisi, saa tatu! Masikio, ulisoma nini?" Nikawaambia nilisikia vibaya. Nikasema uzee umeingia masikioni. Mke wa Fundi alikuwepo, akanipa pole. Afadhali angenitukana.

Hivyo ndivyo nilivyosema na hivyo ndivyo itakavyobaki. Wewe una miaka thelathini ya kazi mbele yako, jina langu mimi limekwisha kufanya kazi yake. Nyamaza. Mimi ndiye mjomba, nikikwambia nyamaza unanyamaza.

Ila kuna jambo linanikosesha raha. Tangazo la wiki hii nimelisikiliza mapema. Nyuma ya jedwali hukuandika kitu, Bibi alipita moja kwa moja. Mstari wetu ni Jumatano, maji saa nne. Nimesimama mlangoni nikatangaza kwa sauti yangu yote. Nilisikia nyayo zinapita. Mmoja akacheka, si kwa furaha. Benchi wameligeuza, linatazama ukutani. Wenye simu wanasomeana namba bila vichwa, na leo nimemsikia mtu akisema ni Ijumaa.

Nifanyeje, mwanangu? Jumatano yanakuja, na mimi hakuna anayeniamini.

Mjomba wako


Jumatatu, 22 Aprili, saa tisa alasiri

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma yako mara tatu, nimelia, nimenawa uso, sasa nakujibu. Sitakutii.

Nimefungua tangazo la wiki hii na juu ya jedwali, kwa herufi kubwa, pale kila jicho litakapoona na kila Bibi atakaposoma, nimeandika: "Tangazo la tarehe 15 Aprili lilikuwa na maelezo yaliyofichika yaliyosema Mtaa wa Chini ni Ijumaa. Hayakuwa kweli. Yaliandikwa na mtengenezaji wa tangazo, naye hakuyabadilisha. Aliyewasomea aliyasoma kama yalivyoandikwa." Nikalipeleka kwa Bwana Muhuri. Alisoma, akafunga mlango, akasema kama sentensi hiyo ikitoka na mimi natoka. Nikamwambia aanze kutafuta mtu. Amelifuta. Tangazo limebaki vilevile kama ulivyolisikia.

Kwa hiyo nimechapa karatasi, sitini na tano, mpaka wino ukaisha. Jedwali lenu peke yake, mistari miwili, vichwa juu, herufi za kuonekana kutoka ng'ambo. Chini yake ile sentensi. Nitazibandika kwenye nguzo mbili za daraja na kwenye kila mlango.

Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Safari hii Mama anakuja nami, amesema nikishuka atanipandisha kwa masikio. Saa saba mchana tutakuwa hapo, bado karibu siku nzima kabla ya maji. Wewe leo kaa mlangoni, endelea kutangaza. Wakikucheka, tangaza tu. Na benchi ligeuze, litazame dirishani.

Utawaambia mpwa wako amekuja, halafu utaniacha niseme mwenyewe. Nitawaambia ulisikia sawasawa. Niliyekosa ni mimi.

Ila kabla ya kuuambia mtaa, naomba unishike mkono unipeleke kwa mke wa Fundi Viatu. Sijui nitamwambia nini. Nitaanzia hapo.

Mpwa wako